Mirathi ya Mtama wa Shingo-Upande

Ipo nchi moja ambayo jina lake, wakati mambo haya yanatokea, lilikuwa wizarani likifanyiwa ukarabati. Wananchi waliombwa wavumilie. Kwa muda waliiita Nchi tu, na barua zilifika kama kawaida, yaani baadhi. Katika kona yake ya magharibi, kwenye kijiji cha Matongolo, palikuwa na nyumba ya udongo iliyoitwa Nyumba ya Mbegu.

Nyumba hiyo ilifanya kazi vizuri kwa miaka mingi kwa sababu serikali ilikuwa haijaijua. Ndani yake vilining'inia vibuyu vyenye mbegu zilizochanganywa na majivu ili wadudu wasizisogelee. Aliyepungukiwa aliazima kibaba kimoja, akapanda, na baada ya mavuno akarudisha viwili. Mtunzaji, Bi Kashindye, aliokota punje moja kati ya zilizorudishwa akaiuma mbele ya mrudishaji. Punje ikilia "ka!", imekauka, inapokelewa. Ikibonyea, mrudishaji alibeba mzigo wake kwenda kuuanika upya, na watu walimcheka njia nzima. Masharti yalikuwa hayo tu. Hayakuandikwa popote, kwa hiyo hakuna aliyeyasahau.

Bi Nyamizi alikuwa mwazimaji wa siku nyingi. Shamba lake lilikuwa juu ya kilima cha mawe ambako mahindi yalikataa, kunde zilikataa, na muhogo uliota kwa kinyongo. Mmea mmoja tu ulikubali kuishi pale: mtama uitwao shingo-upande, kwa jinsi suke lake linavyoinama kama mtu aliyelazimishwa kumwamkia mgeni asiyempenda. Mwaka ule Bi Nyamizi aliazima kibaba cha mwisho cha mtama huo kilichobaki kijijini, akakipanda chote. Mavuno hayakuwa ya kujivunia. Yeye na wajukuu wake walikula mpaka wakabakiwa na vibaba viwili vya kurudisha, ambavyo hakuna aliyethubutu hata kuvinusa. Mpango wake ulikuwa mwepesi. Angevirudisha asubuhi, aazime kimoja hapohapo, akipande mvua ya kwanza itakapoanguka. Kilimani kwake unyevu ulidumu siku chache tu. Aliyechelewa alisubiri mwaka mwingine, na mwaka mwingine ni mbali sana kwa mtu mwenye sufuria tupu.

Kwa bahati mbaya, wakati mtama ule ungali shambani, serikali ilipata habari.

*

Mgeni mmoja aliyepotea njia aliiona Nyumba ya Mbegu, akaisifu mbele ya watu wakubwa. Ndipo ukazuka ubishi katika Baraza la Mawaziri: nyumba hii ni ya nani? Wizara ya Kilimo ilieleza kwamba yenyewe hushughulika na semina, na kwamba kitu kinachoazimwa na kurudishwa, kwa ufahamu wa watu wote waliostaarabika, ni kitabu. Wizara ya Vitabu na Kumbukumbu ilikubali upesi, kwa kuwa ilikuwa imepata gari jipya na haikuwa na mahali pa kulipeleka.

Waziri mwenyewe, Mheshimiwa Sostenes Kalimanzila, alikuja kuipokea nyumba. Alipanda jukwaani akatazama vibuyu kwa huruma.

"Ndugu wananchi," alisema, "kwa muda mrefu mbegu zenu zimekaa katika giza la kibuyu. Leo zinaingia katika mwanga wa rafu! Tumewaletea utaratibu. Na baada ya utaratibu huu, tutawaletea utaratibu wa kuufuata utaratibu huu!"

Watu walipiga makofi, kwani kulikuwa na soda.

Mbegu zilitolewa vibuyuni, zikapangwa kwenye rafu kufuata jina la mwandishi. Kwa kuwa waandishi wa mbegu hawakujulikana, zote ziliwekwa chini ya herufi H, kwa maana ya "Hajulikani", na rafu nyingine zikabaki tupu kwa ajili ya maendeleo ya baadaye. Ukutani yalibandikwa matangazo kutoka maktaba kuu: "Tafadhali usikunje kona za kurasa", na "Ni marufuku kulowesha kidole kwa mate". Bi Kashindye alistaafishwa kwa heshima zote. Ilibainika kwamba meno yake hayamo kwenye orodha ya vifaa vilivyoidhinishwa.

Mahali pake aliletwa Bwana Eliufoo, mkutubi mwenye tai na stashahada. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kanuni, na kanuni ya kwanza ya maktaba ilisema kwamba kilichoazimwa kirudishwe kilekile, katika hali ileile, ndani ya wiki mbili.

Mzee Malongo ndiye aliyeielewa kanuni hiyo mapema. Aliazima mbegu za maboga, akaziweka mezani kwake, akazitazama kwa wiki mbili, akazirudisha. Alitunukiwa Cheti cha Mwazimaji Bora na picha yake ikatundikwa mlangoni. Msimu huo hakuvuna boga hata moja, lakini cheti kilikuwa kizuri, chenye fremu.

*

Asubuhi Bi Nyamizi, aliyekuwa kilimani msimu mzima akilinda mtama wake, alipoingia na mfuko kichwani, alimkuta Eliufoo akipangusa vumbi kwenye njugu mawe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Bi Kashindye yuko wapi?"

"Amestaafu. Nikusaidie nini?"

"Narudisha mtama. Uma punje moja upokee, nina haraka. Mawingu yale unayaona."

Eliufoo alifungua mfuko, akatazama ndani, akaufunga. Alifungua droo, akasoma orodha ya madeni ambayo Bi Kashindye aliisimulia siku ya kustaafu, akatazama mfuko tena.

"Mama, uliazima kibaba kimoja."

"Ndiyo."

"Hivi ni viwili."

"Ndiyo, baba. Ndivyo tunavyorudisha."

"Sasa kati ya hivi, kipi ndicho ulichoazima?"

Bi Nyamizi alimtazama kuona kama anatania. Hakuwa anatania.

"Nilichoazima nilikipanda."

Eliufoo alishika ukingo wa meza. "Ulifanyaje?"

"Nilikipanda. Mbegu, mwanangu! Ulitaka niisome?"

"Mama, kaa kwenye kiti. Nakuomba ukae." Alimletea maji, kisha akamweleza kwa upole, kama daktari anayempasha mtu habari za vipimo. Nakala halisi ameiharibu. Hilo ni kosa. Halafu mfukoni mna punje zinazofanana kabisa na ile halisi, nyingi kuliko zilizotoka, bila ruhusa ya mwandishi. "Hizi, mama yangu, ni nakala haramu. Umezifyatulia wapi?"

"Shambani kwangu!"

"Una mtambo huko?"

"Nina jembe."

Eliufoo alichukua mfuko akaufungia kabatini kuwa kielelezo. Bi Nyamizi aliomba arudishiwe hata nusu kibaba. Akaomba konzi moja. Eliufoo alisikitika sana, akamwambia kwamba kielelezo hakigawanywi, ila anaruhusiwa kuja kukitazama saa za kazi.

Bi Nyamizi alitoka mle ndani mikono mitupu, na kabla hajafika kwake mvua ya kwanza ikaanza kuanguka. Majirani walishangilia wakakimbilia mashambani. Yeye alisimama kilimani akitazama udongo wake ukilowa bure.

*

Baraza la Urejeshaji, chombo cha Wizara cha kuwahukumu waliokosea kurudisha, lilikutana upesi kuliko desturi ya Nchi, kwa sababu lilikuwa halijawahi kupata kesi na wajumbe walikuwa wanaisubiri kwa hamu. Kikao kilifanyika kwenye ghala la ushirika. Mwenyekiti alikuwa Dakta Tindwa, mwenye shahada ya uzamivu katika majalada magumu. Mfuko wa mtama uliwekwa mezani mbele yake juu ya kitambaa cheupe. Nje jua lilikuwa limeanza kutoka, na kila lilipopenya mlangoni Bi Nyamizi aliupima ukali wake kwa jicho: leo udongo bado unashika, kesho kidogo, keshokutwa basi.

"Mshtakiwa," alisema Dakta Tindwa, "lieleze Baraza ulichoifanyia mali ya umma. Usifiche."

"Nilichimba vishimo, nikaiweka, nikaifukia."

Mnong'ono ulipita ghalani. Mjumbe mmoja alivua miwani.

"Uliifukia," alirudia Mwenyekiti polepole. "Ikiwa hai?"

"Ingekuwa imekufa ningeifukia ya nini?"

"Na baada ya kuifukia uliiona tena?"

"Hapana. Ikifukiwa haionekani. Linaloonekana ni jani."

"Kwa hiyo hujaiona tangu siku hiyo. Hakuna aliyeiona. Haijaandika, haijapiga simu." Dakta Tindwa aliwageukia wajumbe, wakainamiana, wakainuka. Alisimama, akafunga kifungo cha koti. "Baraza hili, likiongozwa na ushahidi na si hisia, linatamka rasmi kwamba mbegu iliyoazimwa imefariki dunia. Kuhusu nakala haramu zilizomo mfukoni, zitateketezwa leo alasiri nyuma ya ghala, kwa moto, mbele ya mashahidi."

Bi Nyamizi alisikia neno moto. Ule ulikuwa ndio mtama wote wa shingo-upande uliokuwa umebaki chini ya jua. Alitazama mfuko, akatazama wajumbe, kisha mlangoni, ambako miongoni mwa watazamaji alisimama Kinyogoli, fundi baiskeli, akitafuna muwa na kujichekea.

Hapa msomaji anahitaji maelezo. Katika Nchi kila ukoo una watani wake, watu wa ukoo mwingine wenye haki ya kuwafanyia mzaha wowote, na hasa kwenye misiba yao. Mtani hulala ndani ya kaburi asitoke, huficha machepe, huiga kikohozi cha marehemu. Asiporidhishwa, maziko hayaendelei. Kumkasirikia ni aibu ambayo hata vitukuu watazomewa kwayo. Sheria za Nchi hubadilishwa kila mwaka. Hii haijabadilishwa, kwa kuwa hakuna wizara iliyothubutu kuidai. Kinyogoli alikuwa mtani wa ukoo wa Bi Nyamizi. Na Dakta Tindwa, pamoja na shahada zake zote, kwa upande wa mama yake, Bi Ngollo, alikuwa wa ukoo huohuo.

Bi Nyamizi alishika kichwa kwa mikono miwili akapiga ukunga.

"Uuuwi! Amefariki! Mwenyekiti katangaza, nimefiwa mie! Na watani wako wapi?"

Kinyogoli alitupa muwa.

*

Wajumbe hawakuelewa kilichotokea mpaka fundi baiskeli yule alipokuwa amekwisha kupanda juu ya meza na kulala chali, mfuko wa mtama kifuani kama mto.

"Ee bwana, toka hapo!" alifoka Eliufoo. "Hicho ni kielelezo!"

"Kielelezo ni wewe na tai yako iliyokukaba kama mbuzi wa mnadani! Huu ni msiba. Tindwa! Wewe Tindwa, mwana wa Ngollo! Unatangaza kifo halafu unataka kuchoma watoto wa marehemu? Kwenu mnazikaje siku hizi?"

Dakta Tindwa alikuwa ameanza kutoa jasho. "Mtani, hiki ni kikao cha serikali."

"Serikali ndiyo iliyosema kuna maiti! Mimi nilikuwa nakula muwa wangu. Msiba upo, matanga hakuna, uji hakuna, hata machozi hakuna, zaidi ya huyu mama peke yake. Hamwoni haya? Marehemu aliishi nanyi vizuri. Hakuwahi kumtukana mtu."

"Kweli," alisema mjumbe aliyevua miwani, na watu wakamgeukia. "Namaanisha, kwa taarifa zilizopo."

"Basi sitoki hapa," alisema Kinyogoli akijigeuza kwa starehe, "mpaka warithi watajwe. Tangu lini maziko yakaisha bila kutaja warithi?"

Swali lilikuwa zuri, na kila mtu pale alijua kuwa ni zuri. Msibani warithi hutajwa. Eliufoo, ambaye hakuwa wa huko, alitafuta kanuni ya kumwondoa mtu mezani akaipata, lakini alipomwonyesha Mwenyekiti, Mwenyekiti aliifunika kwa kiganja.

"Eliufoo, mdogo wangu," alinong'ona, "mama yangu yuko hai na anapita sokoni kila siku. Unataka azomewe?"

Baraza liliomba faragha, likaenda kusimama kwenye kona ya ghala huku watu wote wakilitazama. Liliporudi, Dakta Tindwa alikuwa amepata tena sauti yake. Hata ilikuwa imeongezeka unene.

"Kwa kuwa Baraza hili limekwisha kutamka kifo," alisema, "na kwa kuwa uamuzi wa Baraza haufutwi, swali linalofuata ni la mirathi. Je, marehemu aliacha watoto? Vielelezo viletwe."

Kinyogoli, bila kushuka, alitoa punje chache mfukoni akazigawa. Wajumbe walizipokea viganjani wakazikagua. Mmoja alisema zina paji la uso la marehemu. Mwingine aliona rangi ni ileile. Wa tatu, aliyekuwa na mafua, alisema damu haifichiki. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa amewahi kumwona marehemu, lakini walikubaliana kwa kauli moja, jambo lililoandikwa kwa wino mwekundu kwa kuwa lilikuwa la kwanza.

"Si nakala!" alitamka Dakta Tindwa. "Ni watoto! Na watoto wa marehemu hushika nafasi ya mzazi wao. Nafasi ya marehemu ilikuwa rafuni. Basi warudi rafuni, chini ya herufi H."

Bi Nyamizi, ambaye alikuwa ameacha kulia ili asikilize, aliisogelea meza. Rafuni maana yake wiki mbili za kutazamwa.

"Mheshimiwa," alisema, "wakae peke yao? Watoto wachanga namna hii? Mama yao amekufa, nyinyi mnawafungia kwenye rafu? Tazama yule mdogo!"

Ghala zima lilimtazama yule mdogo kiganjani mwa Mwenyekiti.

"Mayatima!" aliongeza Kinyogoli, akaanza kulia kwa sauti ya kutisha, akipiga meza kwa visigino. "Tindwa anatupa mayatima! Mwana wa Ngollo, moyo wako una jalada gumu!"

Wanawake waliokaa nyuma walidakia. Mzee Malongo, aliyekuja na cheti chake, alifuta machozi. Dakta Tindwa, ambaye sasa alikuwa anasikia maneno haya yakipelekwa sokoni kwa mama yake, aliinua mikono miwili.

"Baraza halina moyo mgumu! Baraza linateua mlezi! Nani anawafahamu watoto hawa tangu kuzaliwa?"

"Mimi," alisema Bi Nyamizi.

"Unaapa kwamba utawapa mahali pa kulala?"

"Nawaapia."

"Utawafunika vizuri? Utahakikisha wanapata maji?"

"Mheshimiwa, ukiniruhusu, leo hii kabla jua halijatua watakuwa wamelala na wamefunikwa."

"Mmoja mmoja, au wamerundikana?"

"Kila mmoja na nafasi yake."

Wajumbe walitikisa vichwa kwa kuridhika. Wao wenyewe wakati wa kozi walilazwa wawili wawili. Kinyogoli alishuka mezani, akajipangusa, akaokota muwa wake.

"Poleni na msiba," alisema, akaenda zake.

Bi Nyamizi alipokea mfuko kwa mikono miwili, akatoka kwa mwendo wa heshima mpaka alipopita kona ya ghala. Hapo aliinua khanga yake akakimbia.

*

Habari zilienea. Kufikia mwisho wa juma kila kaya ya Matongolo ilikuwa imejitokeza kuomba ulezi wa mbegu zisizojulikana wazazi, na rafu za herufi H zikawa nyeupe. Waziri Kalimanzila alitangaza redioni kwamba Nchi ndiyo ya kwanza duniani kumaliza tatizo la mbegu yatima. Alisema haya ni matunda ya utaratibu, akamshukuru aliyemteua. Wizara iliagiza kwamba walezi wote wakaguliwe, na kazi hiyo akapewa Eliufoo, kwa kuwa maktabani hapakuwa na kitu kilichobaki cha kupangusa.

Alipanda kilima cha Bi Nyamizi asubuhi mapema, viatu vikiteleza kwenye mawe, jalada kwapani. Alimkuta kizingitini akichagua mboga.

"Shikamoo, mama. Nimekuja kuwaona watoto."

"Marahaba, baba. Wale pale."

Eliufoo alitazama shamba lililopigwa mistari. "Wamelala wote?"

"Walikuwa wamelala. Wengine wameanza kuamka."

Alikwenda kwenye mstari wa kwanza akachuchumaa. Ncha ya kijani, nyembamba kama sindano, ilikuwa imetoboa udongo. Kando yake ilikuwapo nyingine, na nyingine, mpaka mwisho wa mstari.

"Mama, huyu ametoka nje."

"Ametoka."

"Nani amemruhusu?"

"Mimi nilikuwa jikoni. Muulize mwenyewe."

Eliufoo alifungua jalada kutafuta kanuni ya mtoto anayetoka nje bila mlezi. Kabla hajaipata, kundi la kanga pori lilishuka kutoka vichakani, vichwa chini, likaingia mstari wa tatu na kuanza kuchimbua. Aligeuka akaona mtoto wa marehemu akining'inia mdomoni mwa ndege, mbele ya macho yake, saa za kazi.

"Hoi!" alipiga kelele. "Hoi! Acha! Huyo yuko chini ya Baraza!"

Kanga alimeza. Eliufoo alirusha jalada. Karatasi zilitawanyika, ndege wakaruka kidogo, wakatua mstari wa sita. Alivua kiatu akakirusha, akakifuata, akavua cha pili. Alifungua tai akaizungusha hewani kama kombeo, akikimbia kwa soksi juu ya mawe na kuwatajia kanga vifungu vya sheria kwa sauti kubwa. Walipohamia upande wa kulia alikuwa kulia. Walipojaribu kushoto walimkuta amefika.

Bi Nyamizi alimtazama kwa muda. Mwaka jana kazi ile aliifanya yeye mwenyewe, tangu alfajiri mpaka machweo, na mgongo ulimuuma hadi mavuno. Alibeba bakuli lake la mboga, akaingia ndani kupika uji. Alizidisha kikombe kimoja cha maji.

"Mama!" Eliufoo aliita kutoka kule juu, akihema. "Wanarudi saa ngapi hawa?"

"Hawana saa, baba," alijibu akichochea moto. "Wewe kaa tu."